Mpira Mdomoni

Mwanachuo mmoja wa ualimu ameniandikia kwamba wiki ya tatu sasa wanasoma entropia, kanuni zote amezikariri, na bado hajui ni mdudu gani. Anauliza kama inaeleweka bila maabara, maana ya chuoni kwao ina bomba lisilotoa maji na kabati lililopotewa na ufunguo.

Inaeleweka. Tafuta mpira wa kufungia noti, ule mpana kidogo. Uguse kwenye mdomo wa juu ukiwa umelegea: si moto, si baridi. Uvute ghafla, karibu na kukatika, uguse tena papo hapo. Una joto! Usiuachie bado. Subiri nusu dakika upoe, uache ujirudi, uguse mara ya tatu. Baridi, kama pua ya paka.

John Gough wa Kendal, Uingereza, alichapisha habari hii mwaka 1805. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto, na ndiye aliyemfundisha hesabu John Dalton, yule yule wa atomu. Sidhani kama ilikuwa bahati tu. Wenye macho walikuwa wanautazama mpira. Yeye aliupeleka mdomoni.

Kanuni za themodinamiki sizirudii, kitabu chako kinazo. Tuingie ndani ya mpira. Molekuli yake ni mnyororo wa maelfu ya viungo, na viungo hivyo havitulii. Wapange wanafunzi 21 uwanjani, wameshikana mikono: viungo 20. Kila kiungo kielekee mashariki au magharibi. Ukitaka vyote vielekee mashariki, mstari unyooke, namna ya kujipanga ni 1. Ukitaka 10 huku na 10 kule, wa kwanza na wa mwisho wakutane, namna ni 184,756.

Sasa wapigie ngoma. Walimu wawili washike ncha za mstari, wengine wote waruke watakavyo. Walimu watahisi mikono inavutwa. Nani anavuta? Hakuna. Hakuna mwanafunzi hata mmoja mwenye hamu ya kurudi katikati, ni vile tu namna za kucheza mmejikunja ni nyingi mno kuliko za kucheza mmenyooka. Zidisha mdundo, na walimu watavutwa zaidi. Mdundo huo ndio joto. Walimu nao wakivuta kwa nguvu, kazi yao haina pa kuhifadhiwa, inaishia kuwarusha wanafunzi juu zaidi. Hilo ndilo joto la mdomoni. Wakilegeza, wanafunzi wanatumia mruko wao kuwasogeza walimu, wanachoka, mpira unapoa. (Ukivutwa sana, minyororo hujipanga kama fuwele na kutoa joto lake yenyewe. Tuyaache hayo.)

Linalonikera ni neno. Tulifundishwa kwamba entropia ni “mchafuko”. Mchafuko gani kwenye mpira uliotulia mezani? Nilijaribu “mtawanyiko”, lakini mpira ukilegea unajikusanya. Kumbe neno tunalo kila siku: nafasi. Mtu akikwambia “leo sina nafasi” hazungumzii mita za mraba. Siku yake imebanwa, imebaki njia moja tu ya kuipitisha. Mpira uliovutwa hauna nafasi. Mhariri wangu anasema neno hilo wanafizikia wameshalitwaa kwa maana ya mahali. Basi tuseme “unafasi”. Lina kigugumizi kidogo, litazoeleka.

Kwa darasa lako, ning'iniza chupa ya maji kwenye mpira huo mpaka uvutike vizuri, weka beseni chini. Kabla hujagusa chochote, kila mmoja aandike: nikiumwagia mpira maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, mzigo utashuka au utapanda? Wengi wataandika utashuka, kwa kuwa waya wa chuma ukipata moto hurefuka. Mwaga. Gough alilijaribu hili pia, na mzigo wake ulipanda. Ila weka alama ya kalamu ukutani kwanza, maana wa nyuma hawataamini.