Chujio la Tangi la Samaki: Tutie Kitu Gani Ndani Yake?

  Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: CHUJIO, MKAA, AMONIA. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Sasa tuendelee.

Somo letu la leo ni juu ya samaki wanaofugwa nyumbani katika tangi la kioo. Wengine katika samaki hao wa rangi asili yao ni kwetu Afrika. Wako mbuna wa Ziwa Nyasa, na wako samaki wa Ziwa Tanganyika. Hufugwa hata katika nyumba za watu Ulaya na Marekani.

Ziwani maji ni mengi, na uchafu wa samaki hupotea. Katika tangi maji ni machache. Samaki anakula humo na kujisaidia humo humo. Uchafu wake, pamoja na chakula kinachobaki na kuoza, hutoa sumu iitwayo amonia. Sumu hii haionekani kwa macho. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa leo, na kesho ukakuta samaki wamekufa.

Ndiyo sababu twatumia chujio. Chujio lina kazi tatu. Kwanza, sponji hukamata takataka. Pili, bakteria wanaokaa ndani ya sponji huigeuza amonia, hatua kwa hatua, mpaka sumu yake ikapungua sana. Tatu, twaweza kutia kitu cha kuvuta vitu vilivyoyeyuka majini. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Mwenye duka ana vifuko vingi, na kila kimoja anakisifu. Ununue kipi? Wahenga walisema: kila mlango na ufunguo wake. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni mkaa wa kuchujia. Huu si mkaa wa kupikia. Mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, ukatiwa moto mkali na mvuke mpaka ukawa na vitundu vingi vidogo sana. Gramu moja tu ina uso wa ndani unaozidi meta 500 za mraba! Mkaa huu huondoa rangi, harufu, klorini ya maji ya bomba, na mabaki ya dawa. Lakini angalieni sana: mkaa hauondoi amonia. Tena, ukiwatibu samaki kwa dawa, utoe mkaa kwanza, la sivyo utainyonya dawa yote.

Cha pili ni zeolaiti. Hili ni jiwe la asili linaloshika amonia. Hufaa wakati wa hatari, au tangi likiwa jipya na bakteria bado hawajazaa. Lakini usilitumie penye chumvi, kwa maana chumvi huifukuza amonia kutoka katika jiwe, nayo hurudi majini.

Cha tatu ni mawe ya chokaa yaliyopondwa. Haya hayaondoi sumu. Kazi yake ni kuyapa maji madini, yawe karibu na maji ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Cha nne ni mboji ya kinamasi, nayo hufanya kinyume: huyatia maji asidi. Mboji yawafaa samaki wengi wa mto Amazon, lakini mbuna itawadhuru.

Jambo moja zaidi. Katika maji yasiyo na asidi, kama ya maziwa yetu hayo, amonia huwa kali zaidi. Kwa hiyo mfugaji wa mbuna asingoje mpaka samaki waanze kuhema juu ya maji.

Basi, kabla ya kununua, ujiulize: maji yangu yana kasoro gani? Yakiwa na rangi au harufu, tumia mkaa. Kama hujui, nunua kwanza dawa ya matone ya kupimia amonia. Ukiiona amonia, badili maji mara moja, punguza chakula, na utie zeolaiti.

Mkaa na zeolaiti hujaa. Mkaa huchoka baada ya majuma machache, nao lazima ubadilishwe. Wala hakuna kifuko kinachoshinda kazi ya mikono. Kama tangi lako ni la lita 80, kila juma toa lita 20, kama debe moja hivi, ukatie maji mapya yasiyo na klorini. Sponji uioshe katika maji yale uliyoyatoa, usiioshe bombani, maana klorini huua bakteria wako.

Maswali ya darasa:
1. Mkaa wa kuchujia huondoa vitu gani?
2. Kwa nini zeolaiti haifai penye chumvi?
3. Maji maangavu ni salama sikuzote? Eleza.

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.