Barabara Yetu Hulipiwa na Nani?

Masika yakianza, udongo wa Mlima Meru huwa utelezi mtupu. Gari la maziwa halipandi. Ndizi zilizokatwa kwa ajili ya soko la Tengeru huivia nyumbani. Mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka lami. Huko chini magari yanapita mbio kwenye barabara pana ya njia nne. Watu huuliza, "Kwa nini wale wamepata, sisi hatukupata?"

Kwanza tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mkoa husimamiwa na TANROADS, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mitaa ya mjini na za vijijini husimamiwa na TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Basi barabara ya Arusha kwenda Moshi ni ya TANROADS. Njia ya kupanda kijijini kwako huenda ni ya TARURA. Ukibisha hodi mlango usio wake, utazungushwa bure.

Sasa fedha. Labda unasema, "Mimi sina gari, silipi kitu." Unalipa. Ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli kuna tozo. Tozo hiyo huingia katika Mfuko wa Barabara. Ukipanda pikipiki, sehemu ya nauli yako imenunua petroli. Ukisagiwa mahindi kwa mashine ya dizeli, umelipa pia. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA.

Lakini sehemu kubwa ya Mfuko huo ni ya matengenezo: kupitisha greda, kumwaga changarawe, kuzibua mitaro, kuweka kalavati. Lami mpya ni ghali mno. Kwa kawaida hungoja fedha za bajeti ya serikali, au mkopo.

Ile barabara ya njia nne, kutoka Sakina hadi Tengeru, ina kilometa 14. Ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na barabara ya kuzunguka mji wa Arusha yenye kilometa 42. Kazi ilizinduliwa Machi 2016, na Rais wa Kenya alikuwapo. Kwa nini Kenya? Kwa sababu njia hiyo inaendelea hadi Holili mpakani, ikapita Taveta mpaka Voi. Nchi zetu za Afrika Mashariki ziliiweka katika mpango wa pamoja, ili mizigo ya biashara ipite. Jirani yako wa Tengeru hakupendelewa. Na mkopo huo tunaulipa sote, hata sisi wa mlimani.

Barabara ya kijiji ina safari nyingine. Huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, ambapo wananchi hupanga shida ipi iwe ya kwanza. Maombi huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa madiwani katika halmashauri. Mhandisi wa TARURA hukagua na kukadiria gharama. Barabara za mkoa huzungumzwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa.

Maombi mengi hufia pale mwanzoni kabisa. Mtu husimama na kusema, "Tunataka barabara," kisha huketi. Barabara ipi? Mahali gani? Afadhali useme, "Kalavati la mto ulio karibu na shule limevunjika. Mwezi wa nne gari la maziwa halikupita siku tisa." Halafu omba kuuona muhtasari wa mkutano. Sasa unajua kusoma. Tazama kama siku hizo tisa zimeandikwa.

Angalia pia kalenda. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vijiji huulizwa mahitaji yao miezi mingi kabla ya hapo. Anayengoja akwame kwenye matope ya Aprili ndipo aandike, ombi lake litakuta fedha za Julai zimekwisha pangwa.