Elimu katika Mji wa Faza

Mji wa Faza umo pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Mwaka 1587 Wareno waliuteketeza, lakini wenyeji waliujenga upya, na leo ndio makao makuu ya Lamu Mashariki.

Kabla ya kuja shule za serikali, mtoto wa Kibajuni alisoma chuoni. Aliandika herufi juu ya ubao mpaka akahitimu Kurani. Siyu, mji jirani, ulisifika katika karne ya 19 kwa wanavyuoni wake na mafundi wa kunakili misahafu. Mwalimu wa chuo alikuwa mtu wa mtaa, na waliomtunza ni wazee wa watoto.

Siku hizi Faza ina shule za msingi na za sekondari. Karo ya msingi iliondolewa mwaka 2003, lakini shida ya waalimu ilibaki. Wengi wao hupelekwa kutoka bara na Tume ya Kuajiri Waalimu. Baada ya mashambulio ya mwaka 2014 wengi walihofu kukaa Lamu, na huko Basuba, ng'ambo ya bahari, shule zilifungwa miaka kadhaa.

Basi wazazi wa visiwani na wafikiri. Mgeni ana kwao, naye aweza kuondoka. Mtoto wa Faza atakayesomea ualimu, wa kiume au wa kike, atafundisha nyumbani kwao. Shule ya namna hiyo haifungwi upesi.