Kwa Nini Injini ya Pampu Huzimika Ilhali Tangi Lina Petroli?

Mvua zikikatika wilayani Maswa, mnamo mwezi wa Mei, mkulima mwenye kiwanja karibu na lambo au kisima huanza kazi ya bustani: nyanya, vitunguu, kabeji na mchicha. Tangu wakati huo hadi mvua za Novemba, mimea hiyo haina maji mengine ila yale yanayoletwa na pampu. Pampu yenyewe huendeshwa na injini ndogo ya petroli yenye silinda moja, ya aina ya Honda GX iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, au mojawapo ya zile zilizoigwa kwake huko China. Injini hiyo ikigoma siku tatu katika jua la Septemba, miche hukauka, na fedha za mbegu na mbolea zimekwenda nayo.

Katika injini hizi kuna ugonjwa mmoja unaosumbua kuliko mwingine. Injini huwaka vizuri, huvuta maji kwa dakika kadhaa, kisha huanza kukohoa na kuzimika. Mwenyewe hufungua kifuniko cha tangi, huchungulia, na kuona petroli imo. Hufunga kifuniko, huvuta kamba, na injini huwaka kana kwamba haikuwa na neno. Baada ya muda hurudia kuzimika. Kwa kawaida watu husema kwamba imechoka, au imepata moto, na huipumzisha kivulini. Hatimaye huitwa fundi, ambaye hufungua kabureta, hubadilisha plagi, na kudai malipo yake. Kesho yake injini huzimika kama jana. Lawama kwa injini au kwa fundi si ya haki sana, kwa maana ubovu uko mahali ambapo hakuna aliyetazama, nao uko katika kifuniko kile kile kilichofunguliwa na kufungwa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kuifuata petroli safari yake. Katika injini ya pampu, tangi limewekwa juu ya kabureta. Hakuna chombo kinachoisukuma petroli; huteremka kwa uzito wake yenyewe. Hupita katika kichujio na koki, huacha takataka zake katika kikombe kidogo kilicho chini ya koki, kisha huingia katika bakuli la kabureta. Humo mna boya. Bakuli likijaa, boya huinuka na kusukuma sindano inayoziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka katika bakuli, petroli hupita katika jeti, yaani kitundu chembamba ambacho upana wake haufiki milimita moja, na kuchanganyika na hewa inayokwenda katika silinda.

Sasa, kila tone linalotoka katika tangi huacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa kutoka nje. Kwa sababu hiyo kifuniko cha tangi hutobolewa kitundu cha kupumulia. Vumbi la shambani likichanganyika na mafuta juu ya kifuniko, kitundu huzibika. Pengine kifuniko cha asili kimepotea, na mdomo wa tangi umefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ambao haupitishi hewa hata kidogo. Hewa iliyobaki ndani hutanuka kadiri petroli inavyopungua, na kwa kanuni ya Boyle, inayofundishwa katika shule za sekondari, hewa ikitanuka kanieneo yake hushuka. Kanieneo ni kani inayosukuma juu ya kila kipimo cha eneo.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe. Ichukuliwe kwamba petroli imesimama sentimita 10 juu ya mlango wa kabureta. Lita moja ya petroli ina kilogramu 0.74 hivi, kwa hiyo kimo hicho huleta kanieneo ya paskali 725 tu. Maswa iko juu kuliko Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa husukuma kwa kadiri ya kilopaskali 87. Basi, ili petroli isimame, kanieneo ya hewa ndani ya tangi haihitaji kushuka hata kwa sehemu moja katika mia. Ikiwa juu ya petroli pana lita moja na nusu ya hewa, inatosha zitoke mililita 13, yaani chini ya vijiko vitatu vya chai. Kwa kweli mambo hukawia kuliko hesabu hii inavyoonyesha, kwa kuwa mvuke wa petroli nao hujaza nafasi, na bakuli la kabureta lina akiba yake. Ndiyo maana injini huendelea kwa dakika kadhaa kabla ya kukohoa.

Hapo ndipo kichekesho cha ugonjwa huu kinapoonekana. Mkulima anapofungua kifuniko kuchungulia, hewa huingia, na kanieneo hulingana na ya nje. Kitendo cha kutazama ubovu ndicho kinachouondoa kwa muda. Na injini inapopumzishwa kivulini bila kufunguliwa, hewa hupenya polepole kando ya kifuniko, huku mvuke wa petroli ukiongezeka, na mwenyewe husadiki kwamba mapumziko yameiponya.

Mwalimu asiye na injini anaweza kuonyesha jambo lili hili darasani kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa msumari mwembamba karibu na kitako. Ikijazwa maji na kuachwa wazi, maji hutiririka. Kifuniko kikikazwa, hukoma. Kikilegezwa, hutiririka tena. Na mkulima naye si mgeni wa elimu hii. Anajua kwamba mpira wa kuvutia maji ukipasuka, pampu haileti kitu. Maji ya lambo hupandishwa na hewa inayokandamiza juu yake, wala pampu haina kamba ya kuyavuta. Ndiyo sababu pale Maswa hata pampu isiyo na kasoro haiwezi, hata kwa hesabu ya karatasini, kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 9 hivi, ilhali Dar es Salaam kikomo ni mita 10 na kidogo.

Jaribio la kuutambua ubovu halihitaji zaidi ya spana na chombo kisafi. Injini iachwe ipoe kabisa, na moto na sigara viwe mbali. Bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta ilegezwe, koki ifunguliwe, na petroli ikingwe. Ikitoka kwa nguvu kisha ikadhoofika, kifuniko cha tangi kilegezwe. Mtiririko ukifufuka, ugonjwa umejulikana, na dawa yake ni kuosha kifuniko na kuzibua kitundu. Usipofufuka, kichujio, koki na bomba vichunguzwe kwa zamu. Ikiwa petroli inatoka vizuri muda wote, basi tangi halina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye jeti au kwenye cheche ya plagi. Plagi iliyotolewa baada ya kuvuta kamba mara kadhaa nayo husema: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa, petroli inafika na kosa liko kwingine.

Pikipiki nyingi zenye kabureta hulishwa kwa uzito wa petroli vivyo hivyo, na vifuniko vyake huzibika vivyo hivyo. Mashine za kukata nyasi ambazo mwendeshaji huzikalia, kama zile za viwanja vya gofu, mara nyingi zina tangi lililo chini ya kabureta. Kwa hizo huwekwa pampu ndogo yenye ngozi nyembamba ya mpira inayochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka chini ya pistoni. Ukibomba unaoleta mapigo hayo ukipata ufa, petroli haipandi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Lakini nazo zinahitaji kitundu cha kupumulia.

Kasoro ya pili ni maji. Mahali palipo mbali na kituo cha mafuta, petroli huuzwa kwa chupa na vidumu, na vyombo hivyo si vikavu daima. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, yaani mahali pale pale injini inapoanzia kunywa. Petroli yenye shaka itiwe katika chupa ya kioo na kuachwa itulie kwa muda. Maji yakiwamo, mpaka kati ya tabaka mbili huonekana wazi.

Kasoro ya tatu huzaliwa wakati wa mvua, pampu inapolala ghalani miezi sita. Petroli iliyoachwa katika bakuli huvukiza, na kinachobaki ni utando unaonata kama gundi, ambao huziba jeti. Dalili yake ni injini inayokwenda vizuri pale tu choki inapofungwa nusu, kwa kuwa choki hupunguza hewa na kulinganisha na petroli kidogo inayopita. Wengi huzibua jeti kwa waya. Hilo ni kosa la gharama. Shaba ya jeti ni laini, na kitundu cha milimita 0.7 kikitanuliwa kufikia 0.8, eneo lake huongezeka kwa asilimia 30; tangu siku hiyo injini hutoa moshi mweusi na kula petroli kupita kiasi. Jeti iloweshwe katika petroli safi, kisha ipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Na mvua za Novemba zinapokaribia, pampu kabla ya kuwekwa ghalani ifungwe koki ingali inaunguruma, iachwe hadi ijizimikie yenyewe, na petroli iliyobaki katika bakuli imwagwe katika kidumu.