Kuusoma Mkono wa Mtu Usiyemwona

Ndugu msomaji, ni nani katika sisi tuliozaliwa Mji wa Kale, Mombasa, asiyewahi kusimama kando ya baraza jioni akawatazama wazee wakicheza karata za wahedi wa sitini? Mimi nilisimama miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kukaa. Sharti lilikuwa moja tu: usitazame mkono wa huyu kisha ukamkonyeza yule.

Kwa faida ya vijana, mchezo wenyewe ni hivi. Huondolewa nane, tisa na kumi, zikasalia karata 40. Ree ina thamani ya 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, na mzungu wa pili 2. Zilizosalia hazina kitu. Jumlisha rangi moja utapata 30, na rangi zote nne utapata 120. Nusu yake ni 60, basi mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi, na jina la mchezo latokana na hapo. Wareno, walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wana mchezo wao uitwao sueca wenye hesabu hiyo hiyo ya 120 na 61. Hata maneno yetu ya karata, turufu, kopa, shupaza na ree asili yake ni kwao.

Ami yangu alikuwa bingwa wa mchezo huu. Ikifika duru ya nne, alikuwa akijua kila mtu ameshika nini. Hakuwa mchawi, alihesabu. Ukitupa shupaza ilhali kopa ndiyo iliyoongoza, amekwisha kujua kwamba kopa huna. Ukisita kabla ya kutoa seti, amekwisha kujua kwamba waiogopa ree ambayo bado haijatoka. Na malipo ya mshindi? Hapakuwa na hata senti. Aliyeshindwa aliinuka akampisha mwingine, akachekwa mpaka adhana ya Magharibi.

Yaliyonikumbusha hayo yote ni safari niliyoifanya Kisegi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, pale inapokaribia kupakana na Migori. Mimi ni mchuuzi wa dagaa, ambao wenyeji wa huko huwaita omena, na nilikwenda kutafuta magunia. Lakini nilifika wakati mbaya, kwani mwezi ulikuwa mpevu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Mwezi ukiangaza, samaki hawaifuati taa, na mashua hukaa mchangani. Vijana hukosa kazi siku kadhaa, na mikononi mwao mna simu.

Mwenyeji wangu ana mashua mbili. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinikaribisha vizuri, na usiku nikamwona amejiinamia simu kama mtu asomaye barua ya msiba. Nikamwuliza anacheza nini. Akajibu, "Poka, mzee. Lakini hii si bahati. Mimi nasoma mkono wa mtu."

Maneno hayo yalinishika, kwa kuwa yalikuwa ya ami yangu. Nikakaa karibu naye, akanieleza. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja, nazo ni za wote. Kila hatua watu huweka dau, hupandisha, au hutupa karata zao wakajitoa. Mikono ya karata mbili iwezayo kumwangukia mtu ni 1,326. Wazungu wa nne wawili waweza kuja kwa njia 6 tu, lakini ree na mzungu wa nne kwa njia 16. Basi mtu ambaye hujitoa mara nyingi akipandisha dau ghafla, mikono ile 1,326 hupungua ikawa michache sana. Kwa hakika kijana yule alikuwa hodari. Alitabiri mikono mitatu mbele yangu, na miwili ilipofunuliwa ilikuwa kama alivyosema.

Kisha akanifundisha jambo aliloliita dau la thamani. Tuseme mezani mna shilingi 300, nawe umeshika mkono mzuri. Usiweke dau kubwa la kumfukuza mwenzako, wala dogo la kumwonea huruma. Weka kile ambacho mwenye mkono dhaifu kuliko wako atakubali kulipa, tuseme 150. Katika mara 10 atakazokufuata, ikiwa mara 6 mkono wake ni dhaifu na mara 4 ni bora, dau lako limekupa 150 mara 6 na kukunyang'anya 150 mara 4. Faida ni 300. Ikiwa ni kinyume chake, umetupa 300. Ustadi wote, alisema, ni kujua nani atakulipa na mkono mbovu.

Nikamwuliza, "Na mwenye nyumba?" Maana hakuna meza isiyo na mwenyewe. Akakiri kwamba meza yake hukata 5 katika kila 100 zilizo mezani. Basi tukapiga hesabu. Zile 300, na 150 zako, na 150 za mwenzako, ni 600. Kipande cha mwenye nyumba ni 30. Katika mara 10 amechukua 300. Yaani yule ambaye hakuusoma mkono wa mtu, wala hakukesha, amepata sawasawa na faida ya dau la msomaji hodari. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha habari za Mmarekani Chris Moneymaker, ambaye mwaka 2003 aliingia kwa kiingilio cha chini ya dola 100 katika intaneti, akafika Las Vegas na kushinda dola milioni 2.5. Ni kweli tupu. Ila washindani wa mwaka ule walikuwa 839, na ajuaye majina ya wale 838 ni nani?

Habari nyingine ya kweli nilimpa mimi. Januari 2017, mjini Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus, kazi ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza poka na mabingwa wanne kwa siku 20, mikono 120,000, ikawashinda. Ami yangu alimtazama mtu usoni. Kijana wa Kisegi ana jina la bandia na picha ya simba, na hajui kama nyuma ya simba yule mna mtu au mna mtambo.

Usiku ule simba mmoja alipoteza mkono mkubwa, na tangu hapo akawa anapandisha kila mara. Kijana akaninong'oneza, "Huyu amekasirika. Sasa atalipa chochote." Akangoja kwa subira mpaka alipopata ree mbili, akaweka dau lake la thamani, yule akamfuata mpaka mwisho. Shilingi 1,800. Nikamwuliza ni nani yule. Hajui. Yuko wapi? Hajui. Pesa zile zilikuwa za nini? Akacheka, lakini si sana.

Nikamweleza kwamba barazani kwetu mtu akianza kutupa karata kwa hasira, mwenzake huzikusanya zote akasema, "Basi, yatosha leo." Akanijibu, "Mzee, nisipomla mimi atamla mwingine." Nasema kweli, msomaji, sikuwa na jawabu papo hapo.

Jawabu lilitoka katika daftari lake. Asubuhi alinionyesha, kwa kuwa ni kijana mwaminifu wa hesabu, mapato na matumizi ya miezi saba. Katika poka alikuwa amepata shilingi 8,450. Nikamsifu. Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Katika mchezo wa ndege, ule ambao picha ya ndege hupaa na malipo yakapanda nayo mpaka itoweke ghafla, amepoteza 17,200. Katika kubashiri mipira, 4,500. Alhasili, yuko chini kwa 13,250. Ndege ile haina mkono wa kusoma. Mtambo ndio uamuao itatoweka lini. Nikamwuliza mtu wa hesabu kama yeye alifuata nini huko. Akasema faida ya poka huja polepole, na moyo uliokwisha kuzoea dau hauwezi kungoja.

Fedha zile 13,250 zilitoka katika fungu la nyavu alilokabidhiwa na baba yake, ambaye aliambiwa kwamba bei ya nyavu imepanda. Kijana akaniomba nisiseme. Mimi ni mgeni, nala ugali wa baba yake. Na siri nayo ni amana. Nikamwambia, "Mwanangu, sitasema. Lakini siku utakayosema wewe, nitakaa karibu nawe."

Nchini Kenya kamari si jambo geni kisheria. Iliwekewa sheria tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya. Kilichobadilika ni kwamba tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hukaa ndani ya simu, na siku hizi meza ya kamari imo ndani ya simu hiyo hiyo. Sisi Waislamu twajua hukumu ya maisiri katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ambako imetajwa pamoja na uadui na kusahauliwa kwa Sala. Lakini mimi hurejea aya ya 219 ya Suratul Baqara. Haikukana kwamba mna manufaa. Imeyapima na dhambi yake, na dhambi ikazidi. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kijana ulikuwa ni manufaa yale, na wa pili ndio uliozidi. Wako pia masheikh wasiopenda karata hata zisizo na dau, na siwalaumu. Ila nimeiona tofauti iliyopo kati ya baraza na simu. Barazani ukiusoma mkono wa mwenzako wampata na dhiki yake pia, nawe huna budi kuijali. Katika simu, dhiki yake ndiyo hiyo thamani unayoitafuta.

Siku ya nne kijana alimfuata baba yake mashuani, nami nikaketi ubavuni pake kama nilivyoahidi. Walisema Kijaluo, nami sikijui. Baba hakupaza sauti. Aliendelea kushona wavu kwa muda mrefu, kisha akamtupia mwanawe upande wa pili wa wavu ule, naye akaanza kushona. Mwezi ulipopungua walikwenda ziwani pamoja, nami nikapata magunia yangu.

Nimerudi Mombasa. Baraza ya ami bado ipo, na vijana wameketi juu yake, kila mmoja kajiinamia simu yake. Jana nilikaa kati yao nikamwuliza mmoja, kwa upole, kama naye ana daftari. Hakunijibu, lakini aliizima simu.