Macho mekundu, vidole ganzi: Programu ya bure inayokuinua kitini

Tanga. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Ngamiani hazipumui. Foleni inaanzia mlangoni, kila mwombaji ana bahasha ya vyeti mkononi, na nyuma ya kompyuta yuko dada mmoja ambaye hajanyanyua macho tangu saa tatu asubuhi. Analipwa kwa fomu na kwa ukurasa. Akisimama, wateja wanahamia duka la jirani.

Dada huyo mara nyingi ni mama wa mtu. Jioni anarudi nyumbani macho yamewiva kama ya aliyekesha msibani, kichwa kinagonga, na akishika machicha akamue tui, vidole vinakataa. Hasemi anaumwa. Anasema amechoka.

Wiki hii tunazungumzia kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijui: programu za kompyuta ambazo kazi yake ni moja tu, kukukumbusha uache kazi kwa muda. Zipo za bure, na ukishazipakua hazihitaji bando ili kukukumbusha.

Kwanza tuelewe macho yanaungua kwa nini. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Japani, Tsubota na Nakamori, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi 104 wa ofisini. Wakiwa wametulia, walipepesa macho kwa wastani mara 22 kwa dakika. Wakisoma kitabu, mara 10. Wakitazama maandishi kwenye kompyuta, mara 7.

Kope zikifunga na kufunguka ndipo machozi yanapotandazwa juu ya jicho. Usipopepesa, jicho linakauka. Na huku kwetu kuna feni. Joto la Tanga linatufanya tuiweke mezani na kuielekeza usoni, ikaendelea kukausha kile kidogo kilichobaki. Kabla hujafikiria dawa ya matone, geuza feni ikupige mgongoni au miguuni.

Jambo la pili ni misuli midogo iliyo ndani ya jicho, ambayo hujikaza kila unapotazama kitu cha karibu. Ikikaa hivyo saa nzima, inachoka kama mkono ulioshika ndoo bila kuitua. Kwa sababu hiyo Jeffrey Anshel, mtaalamu wa macho wa Marekani, alitunga miaka ya 1990 kanuni ambayo leo inajulikana kama 20-20-20: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unatosha. Bajaji inayopita ng'ambo ya barabara pia inatosha.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka, na hapo ndipo programu inapoingia. Mbili zinazofaa kujaribiwa ni Workrave na Stretchly. Workrave iliandikwa na Rob Caelers na Raymond Penners wa Uholanzi, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Haifuati saa tu kama kengele ya shule. Inaangalia kama unagusa kibodi na kipanya. Ukiondoka kwenda kunywa maji, inahesabu kwamba umepumzika na kuanza upya. Stretchly ni nyepesi kuielewa, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za Apple. Usipoibadilisha, inakupa sekunde 20 kila dakika 10, na kila baada ya nusu saa inakupa dakika 5.

Nimeishi na Workrave kwa wiki tatu mezani kwangu. Siku ya kwanza niliichukia. Ilivyopangwa na waliyoiandika, inadai sekunde 30 kila baada ya dakika 3, na dakika 10 kila baada ya dakika 45. Kwa mwandishi anayesubiriwa na mhariri, dakika 3 ni kama kushikwa bega kila unapofungua mdomo. Niliibadilisha ikawa sekunde 20 kila baada ya dakika 20, na mapumziko marefu ya dakika 5 kila saa. Hapo tukaelewana.

Lakini kuna kitufe cha kuahirisha, na hicho ndicho kinachoharibu kila kitu. Wiki ya kwanza nilikibonyeza kwa kidole kilekile nilichokuwa nikilalamika kuwa kinauma. Wiki ya pili nikaingia kwenye mipangilio na kukiondoa, kisha nikaiamuru programu ifunge skrini muda ukifika. Kuanzia hapo ndipo nilipoona tofauti. Macho hayakuniwasha tena ifikapo saa kumi na moja jioni. Mgongo haukubadilika sana, na siwezi kusema vinginevyo. Kiti changu ni kibovu na hakuna programu inayotengeneza kiti.

Mwenzangu mmoja alinicheka. Alisema mji huu una ukumbusho tayari, adhana. Kwa upande wa mwili hajakosea: kutawadha, kutembea hadi msikitini, kurukuu na kusujudu ni mapumziko kamili kwa macho, mgongo na viganja. Ila kati ya alfajiri na adhuhuri hakuna adhana, na saa za kazi kali ofisini ni hizohizo, kuanzia saa tatu hadi saa sita.

Sheria nayo inasaidia kiasi chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inataka mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe angalau dakika 60 za mapumziko. Idai saa hiyo, ni haki yako. Lakini kwa jicho, saa tano ni mbali mno.

Kwa dada wa steshenari, ambaye mteja wake anahesabu dakika, skrini inayojifunga katikati ya fomu inaweza kumkosesha riziki. Kwake ningeshauri programu itoe ukumbusho tu bila kufunga kitu, na atumie nafasi ambazo kazi yenyewe inampa: printa ikitoa kurasa, tovuti ikizunguka bila kufunguka, mteja akitafuta namba yake ya NIDA. Sekunde hizo, macho yaende barabarani na mikono ishuke mapajani. Yasiende kwenye simu. Mapumziko yanayoishia WhatsApp ni kazi ileile kwenye kioo kidogo zaidi.

Tusiisahau mikono. Ganzi inayoanzia kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukikung'uta mkono, mara nyingi hutokana na neva kubanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono. Usikimbilie kuilaumu kompyuta peke yake. Ujauzito huileta, kisukari pia huileta. Mama mjamzito aitaje kliniki, na mwingine akapime sukari. Ukiwa kwenye kibodi, kifundo kisipinde juu wala chini. Kiti kikiwa kifupi, mto mmoja wa kukalia unaweza kukusaidia kuliko dawa ya kuchua.

Na kabla hujatoa pesa kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu: mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio 17 hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Pesa hiyo nunua mto.

Sasa watoto, kwa sababu likizo inakuja na kompyuta ya nyumbani itakuwa na foleni yake. Kwa mtu mzima, uchovu wa skrini unaudhi lakini kwa kawaida hauharibu jicho moja kwa moja. Kwa mtoto hesabu ni nyingine, maana jicho lake bado linakua. Kutazama vitu vya karibu muda mrefu, huku akikaa ndani kutwa, kunahusishwa na tatizo la kutoona mbali.

Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA. Baada ya miaka mitatu, watoto takribani 30 kati ya 100 katika shule hizo walikuwa wamepata tatizo hilo, wakati katika shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida walikuwa karibu 40 kati ya 100. Hawakupewa dawa wala miwani. Walitolewa nje.

Kwa hiyo ukiweka programu kwenye kompyuta ya mtoto, usitegemee skrini nyeusi peke yake. Mtoto wa darasa la tano atajua kuizima kabla hujamaliza kupika. Kubalianeni kwamba skrini ikifunga, anatoka: akacheze rede au kombolela, au umtume dukani. Si lazima akae juani. Hata kivuli cha mwembe kina mwanga mwingi kuliko sebule yenye taa. Na wewe ukiahirisha ya kwako mbele yake, usishangae akikuiga.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Ikiwa pungufu, bora zaidi.

Kuna dalili ambazo hazingoji programu. Mtu mzima mwenye maumivu makali ya jicho, anayeona vitu viwili viwili, au aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ikidumu wiki kadhaa au ukianza kudondosha vikombe, anzia kituo cha afya kilicho karibu, uelekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayesogelea televisheni hadi kuikaribia kwa pua, au anayefunga jicho moja akisoma, apimwe macho. Nyumbani unaweza kuanza hivi: mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, umwombe asome kalenda ya ukutani kutoka upande wa pili wa sebule, kisha abadilishe jicho. Jicho moja likisoma na lingine likishindwa, mpeleke wiki hii, usingoje shule kufunga.