Fahamu: Kuishi na ugonjwa wa seliaki

Ugonjwa wa seliaki si mzio. Gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Vijinyweleo vinavyofyonza virutubisho husinyaa. Mgonjwa huweza kuharisha, kukonda au kupungukiwa damu, ingawa wengine hawaumwi tumbo kabisa. Daktari Mholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeihusisha ngano na maradhi haya katikati ya karne ya 20.

Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Kwa Afrika Mashariki hilo si gumu kama linavyosikika: ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo na maharage havina gluteni. Chapati, mandazi na sambusa huachwa. Kinachosumbua hasa ni gluteni isiyoonekana: mashine iliyotoka kusaga ngano ikapokea mahindi, mafuta yaliyokaangia mandazi kabla ya viazi, unga wa uji wa lishe uliochanganywa ngano, mchuzi wa soya. Viwango vya kimataifa huruhusu maandishi “haina gluteni” iwapo kilo moja ya chakula haina zaidi ya miligramu 20 za gluteni.

Kutovumilia laktosi ni jambo jingine. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hupungua, tumbo hujaa gesi, lakini utumbo hauharibiki; wengi huumudu mtindi.

Anayeshuku seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa damu na, ikibidi, kinyama cha utumbo, kwani akiiacha, majibu huweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa hali anao.